Kitambi hakikatwi kwa chuma chepesi

Ingia jioni kwenye jimu yoyote ya Dar es Salaam, iwe ya kiyoyozi Mikocheni au ya uani Manzese, ambako chuma kirefu ni ekseli ya gari na uzito ni makopo yaliyojazwa zege. Hutakosa kumsikia mtu akisema, "Kwa sasa sibebi vizito, nakata." Atachukua dambeli ndogo azirudie mara thelathini, amalizie kwa sit-apu mia moja, kisha ajizungushie nailoni tumboni na kwenda kukimbia.

Miezi miwili baadaye amepungua kweli. Mzani unasema hivyo na shati linasema hivyo. Ila mabega yameshuka, mikono imesinyaa, na kitambi, ingawa kimerudi nyuma kidogo, bado kipo. Mtaani wanaanza kumuuliza mkewe pembeni: "Shemeji anaumwa?"

Bidii yake haina kasoro. Alichokosea ni kugawa kazi. Mafuta ya mwilini hupunguzwa zaidi na chakula kuliko chuma. Kazi ya chuma, kwa mtu anayepungua, ni kulinda misuli isiondoke pamoja na mafuta, na hakiwezi kuilinda iwapo kinabebwa kwa mzaha.

Sufuria hukata, chuma hulinda

Tuanze na hesabu. Saa moja ya vyuma, pamoja na mapumziko ya kati, humtumia mtu wa kilo 80 kilokalori kati ya 250 na 450. Sahani ya chipsi mayai njiani kurudi nyumbani huzirudisha zote na chenji ikabaki. Kwa hiyo anayetegemea chuma peke yake kuunguza mafuta anakimbizana na kivuli chake.

Lipo pia dai kwamba ukiwa na misuli utaunguza mafuta hata ukiwa umelala. Ni kweli, ila kidogo mno. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kilokalori 13 hivi kwa siku. Aliyefanikiwa kuongeza kilo tatu za misuli, kazi ya miezi mingi, amejipatia nafasi ya kilokalori zisizofika 40, sawa na nusu ya yai.

Kwa nini basi kubeba chuma? Kwa sababu mwili ulionyimwa chakula hufanya kama kaya iliyoishiwa fedha: huanza kuuza kisichotumika. Misuli ni mali ya gharama kuitunza. Usipoitumia kwa kazi nzito wakati unakula pungufu, mwili utaona haina haja na kuivunja. Ukiipa kazi nzito kila baada ya siku mbili, hulazimika kuibakiza na kuyageukia mafuta.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 40 waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 ya mahitaji yao na kufanyishwa mazoezi makali siku sita kwa wiki, kwa wiki nne. Kundi moja lilikula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, lingine gramu 2.4. La kwanza lilipoteza mafuta kilo 3.5 na misuli ikabaki palepale. La pili lilipoteza mafuta kilo 4.8 na, ingawa walikuwa na njaa, likaongeza zaidi ya kilo moja ya mwili usio na mafuta. Ratiba ile ilikuwa ngumu na ilisimamiwa kwa karibu, hivyo si ya kuigwa nyumbani. Linalotufaa ni funzo lake: mazoezi mazito na protini ya kutosha hufanya uzito unaopungua uwe wa mafuta.

Na zile sit-apu mia? Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapa wanaume 13 kazi ya kupiga sit-apu 5,004 kila mmoja katika siku 27, kisha wakapima seli za mafuta za tumbo, mgongo na makalio. Zilikuwa zimepungua kwa kiwango kilekile pote. Tumbo halikupata upendeleo wowote kwa sababu ya kufanyishwa kazi. Mwili huchagua wenyewe utoe mafuta wapi kwanza, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo la mwisho kusalimu amri.

Seti tatu za kumi zilitoka wapi

Ubishi wa chuma chepesi na kizito una umri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari waliovunjika miguu na kuumia magoti. Madaktari waliwapa mazoezi mepesi ya kurudiarudia, na wengi walikaa wodini miezi mingi bila nguvu kurudi. Daktari kijana, Thomas DeLorme, aliyekuwa mpenzi wa vyuma tangu ujanani, akafanya kinyume katika Hospitali Kuu ya Gardiner, Chicago. Aliwafunga wagonjwa viatu vya chuma vyenye uzito, wakanyoosha magoti, na kila walipoimarika akaongeza uzito. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake. Hoja yake ilikuwa kwamba uzito mkubwa wenye marudio machache hujenga nguvu, na uzito mdogo wenye marudio mengi hujenga pumzi. Kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine.

Mwanzoni aliwabebesha seti saba hadi kumi za marudio kumi. Mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alikiri kwamba hizo ni nyingi mno na kuzishusha hadi tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuubeba mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Kijana wa Manzese anayesema "nipige tatu za kumi" anafuata nyayo za wodi ile bila kujua.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza jambo moja la haki kwa wenye vifaa duni. Hata chuma chepesi kiasi hukuza misuli, mradi ukibebe mpaka ukaribie kushindwa kabisa. Kinachoharibu ni chuma chepesi kinachowekwa chini kikiwa bado chepesi. Mtu anayerudia mara thelathini huku akiendelea na soga za Simba na Yanga hajaupa mwili sababu yoyote ya kubakiza misuli.

Ratiba ya wiki

Ratiba nzuri ya kupunguza mafuta inafanana sana na ratiba nzuri ya kujenga mwili, ila huwa fupi kidogo, kwa sababu mwili unaokula pungufu hupona polepole. Kwa mtu mwenye kazi na familia, siku tatu zinatosha: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila moja chini ya saa nzima. Kugawa mwili kwa siku, leo kifua kesho mgongo, kunawafaa wenye muda wa siku tano. Anayekosa siku mbili kwa sababu ya foleni au msiba asijikute ameusahau mgongo wiki nzima. Afanye mwili wote kila anapoingia.

Siku ya kwanza: skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, benchi presi, na kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama.

Siku ya pili: dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kujivuta kwenye bomba la juu, au kwenye mashine ya kuvuta chini kwa asiyeweza kujivuta.

Siku hizi mbili hupokezana. Wiki hii utafanya ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Wiki ijayo utaanza na ya pili. Kila zoezi lina seti tatu za marudio sita hadi kumi, isipokuwa dedilifti, ambayo inatosha marudio matano hadi manane kwa sababu huchosha kiuno. Pumzika dakika mbili hadi tatu baina ya seti. Anayepumzika sekunde thelathini ili atoke jasho zaidi anachosha mapafu kabla ya misuli, na seti ya tatu huwa ya kujikongoja.

Kwa mpango huu miguu inapata seti tisa kwa wiki, misuli ya kusukuma tisa na ya kuvuta tisa. Ongeza seti moja ya pushapu na moja ya kukunja mikono mwishoni mwa wiki, utafika kwenye kumi kwa kusukuma na kumi kwa kuvuta, kiwango ambacho tafiti za ukuzaji wa misuli zinakiona kizuri kwa mtu wa kawaida. Wenye hamu ya kufika thelathini wangoje siku watakapokuwa wanakula shibe.

Kabla ya seti za kazi, fanya mbili nyepesi za zoezi hilohilo kupasha viungo. Seti ya kazi iishie pale unapohisi umebakiza marudio mawili hivi ambayo ungeweza kuyafanya kwa mkao safi. Wiki mbili za mwanzo tumia uzito wa kujifunzia tu. Mgongo ukikunjika chini ya ekseli, hakuna kitambi kitakachokatwa kitandani.

Wasio na vifaa vya dukani wasijidharau. Zege lina uzito wa kilo 2.3 hivi kwa lita, kwa hiyo kopo la rangi la lita nne lililojazwa lina kilo tisa na ushee, na ndoo ya lita kumi kilo 23. Ukitaka kuwa na uhakika, peleka chuma chako kwa mnunuzi wa vyuma chakavu akuwekee kwenye mzani wake. Kujua uzito kamili ni lazima, kwa sababu ndio msingi wa hatua inayofuata.

Daftari lina kazi

Alichofanya DeLorme na ambacho jimu nyingi hazifanyi ni kuandika. Nunua daftari la shule. Kila siku andika zoezi, uzito na marudio. Tuseme leo umepiga benchi kilo 40 mara nane, saba na sita. Siku ijayo lengo lako ni kuongeza angalau rudio moja mahali popote. Utakapofikisha kumi kwa seti zote tatu, ongeza kilo mbili na nusu, marudio yatashuka hadi saba, kisha anza kupanda tena. Mwenye makopo ya zege yasiyopimika kwa nusu kilo aongeze marudio mpaka 15, au ateremshe chuma polepole kwa sekunde tatu, ndipo aende kwenye kopo kubwa.

Mtu anayepungua asitarajie kuongeza uzito kila wiki. Kwake, kutorudi nyuma ni ushindi. Aliyebeba kilo 60 mara nane akiwa na mwili wa kilo 82, na akabeba hizohizo mara nane akiwa na kilo 77, misuli yake iko salama. Ila nguvu ikishuka wiki mbili mfululizo kwenye mazoezi yote, daftari linakwambia unakula kidogo mno au hulali. Wiki ya sita au ya saba, punguza seti kwa nusu upumzike, kisha maliza wiki 12 za mpango huu.

Kupima mwili nako kuna adabu yake. Panda mzani asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, na chukua wastani wa siku saba. Chumvi ya samaki wa jana peke yake inaweza kukuongezea kilo nzima ya maji. Wanawake walinganishe wiki na wiki ya mwezi uliopita, kwa sababu hedhi huchezesha mzani. Mara moja kwa wiki zungusha utepe wa fundi cherehani usawa wa kitovu. Kiuno kikipungua na chuma hakijapungua, mpango unafanya kazi, hata kama mzani umegoma.

Kwenye sufuria

Kasi inayofaa ni kupungua kati ya nusu asilimia na asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki. Utafiti uliofanywa Norway kwa wanamichezo 24 na kuchapishwa mwaka 2011 ulilinganisha waliopungua kwa asilimia 0.7 na waliokimbilia asilimia 1.4. Waliokwenda taratibu waliongeza mwili usio na mafuta kwa asilimia 2.1, wenye haraka hawakuongeza kitu. Kwa mtu wa kilo 82, hiyo ni gramu 400 hadi 570 kwa wiki, na huhitaji kupunguza kilokalori 450 hadi 600 kwa siku.

Kiasi hicho hakihitaji kuacha ugali. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai nane au tisa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120, na mapishi mengi ya mchuzi wetu humimina bila kupima. Ondoa soda, pima mafuta kwa kijiko badala ya jicho, na punguza ugali au wali kwa robo, umemaliza.

Protini ndiyo haipunguzwi. Uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida kwa misuli huongezeka mpaka kufikia gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kisha hutulia. Mtu wetu wa kilo 82 anahitaji gramu 131. Zinapatikana gengeni. Mayai matatu yana 18. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva, mchana na usiku, 30. Gramu 50 za dagaa wakavu, 30. Kipande cha kuku au samaki cha gramu 150, karibu 40. Nusu lita ya mtindi, 16. Jumla ni 134, na bado hujafungua kopo la poda lenye picha ya mtu mwenye shingo kama ya ng'ombe dume.

Poda ya protini ya maziwa si haramu wala si dawa. Ni chakula cha bei ghali kwa asiye na muda wa kupika. Kriatini, gramu tatu hadi tano kwa siku, husaidia nguvu ila haikati mafuta. Chai za kupunguza tumbo ni jambo lingine. Baadhi zina majani ya sanamaki, ambayo huharisha. Kilichotoka ni maji na choo, na mafuta yako palepale. Sindano za homoni zinazonong'onwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo zinaweza kusinyaza korodani, kuzima uzazi na kudhuru moyo. Anayekuuzia hatakuwepo siku ya kwenda kliniki.

Wanawake, wafungaji na waliopita arobaini

Wanawake wengi huachiwa kona ya mashine za kukimbia kwa hofu kwamba chuma kitawapa mwili wa kiume. Homoni inayokuza misuli, testosteroni, iko mara 15 hivi zaidi kwa mwanamume mzima kuliko kwa mwanamke. Dada anayechuchumaa na kilo 50 atapata miguu imara na mifupa yenye nguvu. Kifua cha bondia hakitamwotea kwa bahati mbaya. Ratiba yake ni ileile, bila kubadilisha hata zoezi moja.

Katika Ramadhani, usitafute kuvunja rekodi. Beba chuma saa moja hivi baada ya futari, au baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji. Baki na uzito uleule, ila shusha seti kutoka tatu hadi mbili. Nguvu hudumishwa kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga. Tatizo la mwezi huu mara nyingi liko mezani: kaimati, viazi karai na juisi yenye sukari vinaweza kufuta njaa ya mchana kutwa. Mayai na maharage kwenye daku vitakushika zaidi kuliko chai na mkate mtupu.

Aliyevuka miaka arobaini, au mwenye presha, kisukari au historia ya moyo, apime presha na kumwona daktari kabla ya kuanza. Wakati wa kubeba asizuie pumzi; atoe pumzi anaposukuma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wote, wazee wakiwemo, kufanya mazoezi ya nguvu ya mwili mzima angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Hizo za pili unaweza kuzipata kwa kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, au kwenye vikundi vya jogingi vya Jumapili asubuhi.

Mwisho ni usingizi, ambao wengi huuona wa wavivu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalisha watu kumi wanene chakula pungufu kwa siku 14, mara wakiwa na saa 8.5 za kulala, mara wakiwa na saa 5.5. Uzito uliopungua ulikaribiana. Lakini waliponyimwa usingizi, mafuta waliyopoteza yalishuka kutoka kilo 1.4 hadi kilo 0.6, na sehemu kubwa ya uzito uliopungua ilitoka kwenye mwili usio na mafuta. Anayekesha kuangalia mpira na kudamka alfajiri kwenda jimu anaondoa usiku alichokiweka alfajiri.

Hayo yote hayahitaji kadi ya jimu ya bei mbaya. Yanahitaji chuma unachokijua uzito wake, siku tatu zisizojadiliwa, chakula chenye protini na miezi mitatu ya subira. Kwa mtu wetu wa kilo 82, wiki 12 za mwendo huu zinaweza kuondoa kilo tano au sita, na karibu zote zikawa mafuta. Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kununua kopo la poda au mkanda wa jasho, nunua daftari na kalamu. Jumatatu andika uzito wa kwanza, na usikubali mtu yeyote akushawishi kuupunguza eti kwa sababu unakata.